Paa linavuja na dhoruba iko njiani: kaza kwanza, ziba baadaye

Kila utabiri wa dhoruba unapotangazwa, simu za mafundi wa paa hulia kwa ombi lilelile: njoo unizibie tundu. Mwenye nyumba ameona doa darini, ameshanunua mrija wa silikoni, na anachokosa ni mtu wa kupanda juu. Huwa ninamwomba auweke mrija huo kando kwanza. Msumari unaopitisha maji mara nyingi ndio huohuo ulioacha kushika mbao, na bati lisiloshikwa vizuri litang'olewa na upepo hata kama kila tundu lake limezibwa kwa ustadi. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio niliouzoea kazini, yaani paa lishike kwanza, kisha maji yapate njia ya kuondoka, na kuziba kufuate baada ya hapo ikiwa muda unaruhusu. Ninazungumzia zaidi paa la bati lenye mteremko. La vigae nitaligusa panapohitajika.

Hatua ya 1: Pima muda ulio nao

Ukiwa na siku mbili kavu au zaidi, unaweza kufuata hatua zote. Ukiwa na siku moja tu, acha kuziba kwa lami na silikoni, kwa kuwa vitu hivyo huhitaji muda wa kukauka, na badala yake tumia turubai. Upepo ukishaanza kutikisa matawi makubwa, au bati likishalowa, kazi ya juu ya paa imekwisha na unapaswa kwenda moja kwa moja kwenye hatua ya mwisho, ambayo hufanyika ndani ya nyumba. Bati lililolowa huteleza vibaya, na turubai likijaa upepo ukiwa umelishika linaweza kukuvuta hadi ukingoni kabla hujafikiri kuliachia.

Hatua ya 2: Tafuta uvujaji ukiwa ndani

Ingia darini mchana, ukanyage mbao za kenchi pekee, yaani fremu inayobeba paa, kwa maana ubao wa dari hauwezi kubeba uzito wa mtu. Zima tochi na usubiri dakika chache mpaka macho yazoee giza. Tundu lililo wazi litajionyesha kama nukta ya mwanga. Kisha washa tochi na ufuate alama ambazo maji yameacha kwenye mbao, kama vile michirizi myeusi, ukungu, na kutu kuzunguka ncha za misumari. Maji ni nadra kudondoka chini kabisa ya tundu yaliloingilia. Huingia juu, hutambaa ubavuni mwa papi (mbao za kukingama ambazo bati hupigiliwa) au kenchi, wakati mwingine kwa mita mbili au tatu, na hudondoka pale tu yanapokutana na kikwazo. Kwa hiyo fuata mchirizi kuelekea juu, na ukishapata chanzo chake, pima umbali kutoka ukuta wa mwisho na kutoka kilele cha paa, kwa sababu ukifika nje bati zote zitakuwa zinafanana.

Kama chanzo hakionekani na hali ya hewa ni kavu, mtu mmoja na amwagie paa maji kwa mpira akiwa kwenye ngazi, na mwingine akae darini akitazama. Anzeni upenuni, mkae kila eneo kwa dakika tano hadi kumi, na mpande taratibu. Ukianza juu, maji yatapita kwenye matundu yote kwa pamoja na hutajua lipi ni lipi.

Hatua ya 3: Panda kwa utaratibu

Weka ngazi ili mguu wake uwe mbali na ukuta kwa mita moja kwa kila mita nne za kwenda juu, ncha yake ipite ukingo wa paa kwa karibu mita moja, na mtu mwingine aishike. Juu ya bati, kanyaga kwenye mstari wa misumari, kwani hapo chini ndipo papi ilipo. Usikanyage kamwe karatasi za kupitishia mwanga, hata kama zinaonekana imara. Jiweke mbali na waya wa umeme unaoingia nyumbani kupitia paani. Na kama paa lako ni la zile karatasi za zamani za saruji yenye asbesto, usizitoboe, usizisugue wala usizivunje, kwa sababu vumbi lake huharibu mapafu. Kazi hiyo ni ya watu wenye mafunzo na vifaa vyake.

Hatua ya 4: Kaza

Watu wengi hudhani upepo hulisukuma paa kwa ubavu. Kwa kweli, unapopita juu ya nyumba hulivuta bati kwenda juu, na ule unaoingia kupitia mlango au dirisha lililo wazi hulisukuma kutoka chini, hivyo nguvu hizo mbili husaidiana. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Mvuto huwa mkali zaidi pembeni, kwenye kona na kwenye kofia ya paa, yaani bati linalofunika kilele, na ndiyo maana kazi ya kukaza huanzia huko hata kama uvujaji wako uko katikati.

Pita msumari mmoja baada ya mwingine na ubonyeze kila kichwa kwa dole gumba. Msumari mzima hautikisiki. Ule uliochoka utaucheza kwa kidole, utaona pete ya kutu kwenye bati kuuzunguka, na pengine utaona mwanya kati ya kichwa chake na bati, ambao unaweza kupitisha ukucha. Kishawishi ni kuugonga urudi ndani, na ninakuomba usifanye hivyo, kwa sababu tundu kwenye mbao limeshapanuka na usiku wa dhoruba utatoka tena. Ung'oe, ukiweka kipande cha ubao chini ya nyundo ili bati lisibonyee, kisha weka skrubu ya bati yenye pete ya mpira chini ya kichwa, iliyo nene na ndefu kuliko msumari uliotoka. Ikiwa mbao imeoza mahali hapo, hamia mgongo wa bati unaofuata palipo na mbao nzima, na tundu la zamani uliweke kwenye orodha ya kuzibwa.

Kukaza skrubu kuna kipimo chake. Unakaza mpaka mpira uanze kutokeza kidogo kuzunguka sahani yake ya chuma, na hapo unaacha. Mpira ukichomoza nje kama ulimi, umeuminya kupita kiasi na utapasuka. Ukiweza kuuzungusha kwa kidole, bado haujashika. Skrubu isimame wima, kwa sababu iliyolala upande huacha mwanya upande wa pili. Kwenye bati la migongo ya mviringo, iweke juu ya mgongo, kwani bondeni ndiko maji yanakopita. Upenuni, kwenye kingo za pembeni na kwenye kofia, hakikisha kuna skrubu angalau kila mgongo wa pili.

Ukimaliza juu, rudi darini na utazame papi zinavyoshikana na kenchi, na kenchi zinavyoshikana na ukuta. Bati lililokazwa vizuri kwenye papi isiyoshika kenchi huondoka pamoja na papi yake. Ukanda wa chuma wenye matundu, uliozungushwa juu ya papi na kupigiliwa misumari kwenye pande zote mbili za kenchi, ni kazi ya dakika chache kwa kila kiungo. Kwa paa la vigae, badilisha vilivyopasuka na urudishe vilivyohama, ukikanyaga sehemu ya chini ya kigae, pale kinapolalia kingine.

Hatua ya 5: Yafungulie maji njia

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na milimita 50 za mvua hupokea lita 5,000, na zote hutafuta njia kupitia magata yako, yaani mifereji ya ukingoni mwa paa. Gata lililojaa majani huyarudisha maji nyuma, yakaingia upenuni chini ya bati, na mwenye nyumba akaamini paa limetoboka. Zoa takataka kwa mkono, mwaga ndoo ya maji na utazame kama yanatoka chini ya bomba kwa kasi ileile. Safisha pia mabonde ya paa, yaani pale mapaa mawili yanapokutana. Kata matawi yanayogusa paa, na uondoe kila kitu kisichofungwa uani.

Hatua ya 6: Ziba

Sasa mrija wa silikoni una kazi, ingawa kwanza unusie. Silikoni yenye harufu kali ya siki hutoa tindikali inapokauka, nayo hula zinki ya bati. Chagua isiyo na harufu hiyo. Sugua kutu kwa brashi ya waya, futa vumbi, na usubiri pawe pakavu kabisa, kwa sababu hakuna kizibo kinachoshika juu ya vumbi au unyevu. Kwa tundu la msumari, tone la silikoni linatosha. Kwa bati lililoliwa na kutu, paka lami ya paa, laza juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo kinachopita kidonda kwa sentimita tano kila upande, kisha paka lami tena mpaka kitambaa kisionekane. Usiweke kiraka cha shaba au risasi juu ya bati la zinki, kwa sababu vyuma hivyo vikilowa pamoja, bati ndilo litakaloliwa.

Jambo moja ambalo hata mafundi hukosea ni kupaka kizibo kwenye mdomo wa chini wa mahali bati mbili zinapopandana. Maji yaliyoingia juu hunaswa hapo na kutafuta njia ya kuingia ndani. Kizibo kinakaa katikati ya bati hizo mbili, karibu na ukingo wa juu wa bati la chini.

Hatua ya 7: Funika kwa turubai, kama italazimu

Turubai lazima livuke kilele cha paa na kushuka upande wa pili kwa angalau mita moja. Likiishia chini ya kilele, maji yatapita chini yake na utakuwa umejifunika bure. Viringisha ukingo wa turubai mara mbili kwenye ubao wa inchi mbili kwa mbili, ugeuze ubao ili sehemu iliyoviringishwa ilale chini, kisha upige skrubu kupita ubao na turubai mpaka kwenye papi. Mbao za kati zilale kufuata mteremko, kwani zikikingama zitazuia maji. Upande wa chini, pitisha turubai ukingoni na ulifunge chini ya upenu ili upepo usipate pa kuingilia.

Nikiwa bado kijana kazini nililaza turubai na kulibana kwa matofali. Usiku lilianza kupigapiga, na kabla ya alfajiri tofali moja lilikuwa limetoboa bati la jirani. Tangu siku hiyo sijaweka juu ya paa kitu chochote kisichofungwa.

Hatua ya 8: Jiandae ndani

Sogeza vitu kutoka chini ya sehemu zenye mashaka, na uzime umeme wa vyumba ambavyo maji yanaweza kufikia taa au soketi. Funga uzi kwenye msumari mahali maji yanapodondokea na uushushe hadi kwenye ndoo. Maji yataufuata uzi bila kurusha matone wala kukunyima usingizi. Dari ikianza kutunga tumbo, weka ndoo chini yake na uitoboe kwa bisibisi mahali palipoinama zaidi, kwa sababu tundu dogo ni nafuu kuliko ubao mzima kuanguka na maji yake. Funga madirisha na milango yote. Yule anayekushauri uache dirisha moja wazi ili upepo upite anakushauri uuingize upepo chini ya bati. Paa likianza kuinuka, kusanya watu kwenye chumba kidogo cha ndani, mbali na madirisha, na usijaribu tena kuokoa chochote.

Dhoruba ikipita, kagua paa kutoka chini kwanza na upande pale tu litakapokuwa limekauka. Turubai lisikae kwa miezi, kwani jua hulila. Unapoliondoa, zungushia chaki kila tundu la skrubu lililobaki kwenye bati, na urudishe humo skrubu yenye mpira, moja baada ya nyingine, kabla hujashusha ngazi.