Namna ya Kujifunza Istilahi za Msingi za Fizikia kwa Kufuata Vizio Vyake

Mwanafunzi anayeanza fizikia hukutana na maneno anayoyatumia kila siku, kama vile kazi, nguvu, uzito na mwendo, na ugumu huanzia hapo hapo, kwa sababu katika somo hili kila neno limefungwa kwenye maana moja inayoweza kupimwa. Kukariri fasili peke yake hakumfikishi mbali. Kila unapokutana na istilahi mpya, jiulize ni kitu gani kinachopimwa, kinapimwa kwa kizio gani, na kizio hicho kimejengwa kutokana na vizio vipi.

Anza na vitu vitatu: urefu, unaopimwa kwa mita, tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo katika kitu, linalopimwa kwa kilogramu, na muda, unaopimwa kwa sekunde. Mfumo wa Kimataifa wa Vizio una vizio vya msingi saba, lakini hivi vitatu vinatosha kwa karibu mada zote za mwanzo zinazohusu mwendo na kani, yaani msukumo au mvuto.

Gawanya urefu kwa muda, upate mita kwa sekunde. Hapo pana istilahi mbili ambazo ni lazima zitenganishwe mapema: mwendokasi, ambao hautaji mwelekeo, na velositi, ambayo haikamiliki bila mwelekeo. Mwanariadha anayezunguka uwanja wa mita 400 kwa sekunde 80 na kurudi pale pale alipoanzia ana mwendokasi wa wastani wa mita 5 kwa sekunde, ilhali velositi yake ya wastani ni sifuri, kwa kuwa mwishowe hajahama. Velositi ikibadilika, tunapata mchapuko, yaani badiliko la velositi kwa kila sekunde, ambao hupimwa kwa mita kwa sekunde mraba. Na kwa kuwa mwelekeo ni sehemu ya velositi, mwanariadha huyo anapokata kona huwa na mchapuko hata kama kasi ya miguu yake haijabadilika.

Zidisha tungamo kwa mchapuko, upate kani. Uhusiano huu unatokana na kanuni za mwendo alizozichapisha Isaac Newton mwaka 1687, na ndiyo maana kizio cha kani kinaitwa nyutoni: kani inayolifanya tungamo la kilogramu 1 liwe na mchapuko wa mita 1 kwa sekunde mraba. Wanafunzi wengi huamini kwamba kitu kinahitaji kani ili kiendelee kwenda. Sivyo. Kani halisi, yaani jumla ya kani zote zinazokigusa au kukivuta, huhitajika ili kubadilisha mwendo. Kitu kinachoteleza sakafuni husimama kwa sababu msuguano ni kani inayokipinga.

Uzito nao ni kani, ile ya mvutano inayokivuta kitu chini, na hapa ningependa mwanafunzi atulie kidogo. Kitabu chenye tungamo la kilogramu 2 kina uzito wa nyutoni 19.6 hapa duniani, ambako mchapuko wa mvutano ni takriban mita 9.8 kwa sekunde mraba. Mwezini, ambako mchapuko huo ni takriban 1.6, uzito wake hushuka hadi nyutoni 3.2, lakini tungamo linabaki kilogramu 2. Kwa hiyo, katika jibu la mtihani, usiandike uzito kwa kilogramu.

Sasa kiinue kitabu hicho polepole hadi kwenye rafu iliyo mita 1.5 juu. Kazi ni kani mara umbali, na kizio chake ni jouli; kwa hiyo kazi uliyoifanya dhidi ya mvutano ni 19.6 mara 1.5, sawa na jouli 29.4, na kiasi hicho hicho cha nishati, yaani uwezo wa kufanya kazi, kimehifadhiwa kutokana na mahali kitabu kilipo. Ukitumia sekunde 2, nguvu yako ya wastani ni wati 14.7, maana nguvu ni kazi iliyogawanywa kwa muda. Ukikishika kitabu bila kukisogeza hadi mkono ukatetemeka, misuli yako inatumia nishati, lakini kitabu hakijafanyiwa kazi yoyote, kwa sababu hakuna umbali uliosafiriwa.

Vizio pia ni chombo cha kukagua majibu. Tuseme umesahau kama nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara velositi, au mara mraba wa velositi. Jouli ni nyutoni mara mita, yaani kilogramu mara mita mraba kwa sekunde mraba. Ni mraba wa velositi tu unaokufikisha hapo. Uzembe katika jambo hili una gharama kubwa: mwaka 1999 chombo cha Marekani kiitwacho Mars Climate Orbiter kilipotea kilipofika kwenye sayari ya Mirihi, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu za msukumo kwa vizio vya Kiingereza na nyingine ikazisoma kama vizio vya kimataifa.

Jaribu mwenyewe kwa kanieneo, ambayo ni kani iliyogawanywa kwa eneo na hupimwa kwa paskali. Ivunje hadi kwenye mita, kilogramu na sekunde. Ukipata kilogramu iliyogawanywa kwa mita na kwa sekunde mraba, umepatia.