Somo: Kutambua CD na DVD zisizoandikwa jina kama zina kitu ndani

Mzee wangu alikuwa akipiga video za harusi. Alipostaafu aliniachia boksi zima la CD na DVD, nyingi hazina hata herufi moja juu. Mwanzoni niliziingiza moja moja kwenye kompyuta. Hadi Magharibi nilikuwa nimemaliza ishirini tu. Siku hizi naanza na macho.

1. Nenda dirishani. Shika diski kwa kingo, geuza upande wa chini, uinamishe taratibu hadi mwanga uteleze juu yake. Leza huchoma kuanzia katikati kwenda nje, na palipochomwa hubadilika rangi kidogo. Ukiona duara lenye mpaka, ndani rangi moja na nje nyingine, hiyo ina kitu. Ila usikadirie kwa upana tu: mizunguko ya nje ni mirefu kuliko ya ndani, kwa hiyo CD ya MB 700 iliyochomwa hadi nusu ya upana imebeba kama MB 280. Rangi ikiwa moja kote, ama ni tupu ama imejaa hadi ukingoni. Ilinganishe na mpya ya aina ileile.

2. Zinazokutia shaka ndizo za kompyuta. Kwenye Windows, programu ya ImgBurn ni ya bure. Ingiza diski, soma mstari wa Status: Empty ni tupu, Complete imechomwa na kufungwa (yaani imekamilishwa ili mashine nyingine ziisome), Incomplete imechomwa lakini haijafungwa. Wa Mac waandike drutil status kwenye Terminal. Wa Linux, kwa DVD, dvd+rw-mediainfo /dev/sr0.

3. Windows ikikuuliza kama iiandae diski kwa kuandikia, kataa! Swali hilo huja hata kwa diski yenye video.

4. Ukishajua, andika jina hapohapo kwa maka peni laini. Biro hapana, maana kwenye CD data imekaa chini kidogo tu ya rangi ya upande wa juu.

MASWALI

– Mkuu, CD yangu inaonyesha mafaili ya .cda, kila moja KB 1. Ni tupu?
Si tupu, ni CD ya muziki. Hizo ni alama tu za kila wimbo. Ifungue kwa VLC utasikia.

– DVD iliyorekodiwa kwenye mashine ya sebuleni, duara naliona kabisa, kompyuta inasema hamna kitu.
Haikufungwa. Irudishe kwenye mashine iliyoirekodi, tafuta Finalize kwenye menyu. Kama mashine ilishakufa, jaribu programu ya IsoBuster kwenye kompyuta, mara nyingi inaiona video.

– Na zile za RW, zinazofutika na kuchomwa tena, je?
Kwa hizo macho hayatoshi, tofauti ya rangi ni hafifu mno. Tena ukifuta kwa njia ya haraka, inayofutika ni orodha tu. Data yenyewe inabaki hadi uchome kitu kingine juu yake. Usimpe mtu ukidhani ni safi.

– Kwangu CD zote zinasoma, DVD hata moja haisomi. Zote zimeharibika?
Sidhani dada. CD husomwa kwa leza ya nanomita 780, DVD kwa ya 650, na moja inaweza kufa nyingine ikabaki nzima. Azima drive ya jirani kwanza. Mimi nilishatupa DVD kumi na moja kabla sijalijua hilo.