Sandwichi ya Kiitalia isiyolemea tumbo

Jamani, joto hili la Mombasa na mkate uliojaa mayonezi haviendani kabisa. Mayonezi karibu yote ni mafuta. Sandwichi za maduka ya Waitalia kule Marekani hukolezwa kwa mafuta ya zeituni, siki na oregano (majani makavu ya kiungo), na ndiyo ladha tunayoitaka.

Nyama yake huwa salami, aina ya soseji kavu; ya kawaida ni ya nguruwe, tena ina mafuta na chumvi nyingi. Mimi natumia kidari cha kuku. Nakichemsha na kitunguu saumu na pilipili manga, nakiacha kipoe kabisa, ndipo nakikata vipande vyembamba sana. Kikiwa moto kitachambuka.

Siri iko kwenye kitunguu. Kikate chembamba, kisugue na chumvi kama cha kachumbari, kisuuze, kisha kiloweke kwenye siki na oregano dakika 10. Kitageuka rangi ya waridi na ukali utapungua. Nyanya itoe mbegu, maji yake ndiyo yanayolowesha mkate.

Pasua boflo, toa sehemu laini ya ndani (usiitupe, ikaushe, inafaa kupakia katlesi). Mafuta ya zeituni yapime kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa: kijiko kimoja cha mezani kina kalori kama 120, na kinatosha boflo nzima. Panga kuku, kitunguu, nyanya, pilipili hoho na majani ya saladi. Funga kwa karatasi, ukandamize na kitu kizito kwa robo saa kabla ya kukata.