Namna ya kuisoma shajara inayoishia Shirazi

Ukipewa shajara ya ukoo inayoishia kwa mfalme wa Shirazi, mji wa Uajemi (Iran), usianze na mfalme. Anza chini, kwa mtu uliyemjua, kisha panda ukihesabu. Ya kwetu babu aliitunza kwenye kopo la biskuti, karatasi imeshageuka rangi ya chai. Nilihesabu majina 11 toka kwake hadi kwa aliyekuja na jahazi toka Shirazi. Kila kizazi kipe miaka 30: jumla 330. Ali bin al-Hassan, anayetajwa kuwa sultani wa kwanza wa Kilwa, ni wa karne ya 11, karibu miaka elfu iliyopita. Hapo ujue wako wengi waliorukwa.

Sasa chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa, uweke masimulizi mawili ya kuanzishwa kwa Kilwa ubavu kwa ubavu. Kushoto liwe la Kiarabu, ambalo nakala yake ya Unguja iliandikwa 1877: majahazi saba, baba na wanawe sita, na chanzo cha safari ni ndoto ya panya mwenye pua ya chuma akitoboa kuta za mji. (Huyo panya nampenda kuliko masultani wote.) Kulia liwe la Mreno João de Barros, lililochapwa 1552. Humo ni Ali, mmoja wa ndugu saba, mama yake mtumwa wa Kihabeshi. Alichoka kudharauliwa na kaka zake, akaondoka Hormuz, bandari ya Ghuba ya Uajemi, na majahazi mawili.

Yanapogongana, tia alama ya kuuliza. Saba ikijirudia, tia mbili. Ila usifute kitu! Tazama kwanza majahazi yalikotia nanga: Mombasa, Pemba, Kilwa, Nzwani ya Komoro. Mimi naona miji iliyofanya biashara pamoja ilitafutiwa baba mmoja ili iaminiane.

Halafu tafuta kisichosimuliwa, yaani sarafu. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa zaidi ya 2,000 kwa mkupuo, na jina la Ali bin al-Hassan limo. Ni vijisarafu vidogo, maneno ya upande mmoja yanapatana vina na ya upande wa pili. Basi Ali alikuwepo. Panya siwezi kumwapia.

Nilipomwonyesha babu mapengo yale, alivua miwani.

“Mjukuu wangu, hao hawakuacha shamba. Nani angewagombania?”

Nikayaandika maneno yake pembeni, kwa penseli.