Kambale na perege: ukubwa wa tangi, na nani akae na nani

Wafugaji wengi wa Bagamoyo hujenga tangi lao la kwanza wakiwa wanawatazama vifaranga kwenye ndoo. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Kifaranga wa kambale wa gramu 5 hatimizi urefu wa kiganja, lakini akilishwa vizuri kwa miezi sita hufika gramu 500 hadi kilo moja, na urefu unaozidi sentimita 40. Tangi lipimwe kwa samaki huyo wa siku ya kuvuna.

Zidisha urefu, upana na kina cha maji kwa mita. Kila mita ya ujazo ni lita 1,000. Kama huna pampu ya hewa, weka kambale 20 kwa kila lita 1,000. Tangi la saruji la mita 3 kwa 2, lenye maji ya kina cha mita 1, linabeba lita 6,000, yaani kambale 120. Mwanzoni badilisha theluthi ya maji kila baada ya siku mbili. Wakishazidi gramu 200, badilisha nusu kila siku, maana kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia inayounguza matamvua. Hayo ni lita 3,000 kwa siku. Ukiona huzipati, punguza samaki nusu kabla hujapandikiza, usingoje maji yanuke. Yanayotoka yaelekeze kwenye mchicha au migomba.

Ukuta uzidi maji kwa sentimita 30, na juu funika wavu. Mvua ya masika ikinyesha usiku kambale hupanda ukuta mfupi na kutambaa hadi uani. Nusu ya tangi iezekwe makuti. Kambale hupenda giza, na akiwa kivulini hupunguza ugomvi.

Adui wa kwanza wa kambale ni kambale mwenzake. Walio chini ya sentimita 8 hushikana mkia kwanza, hivyo ukiona mikia iliyokatika, ulaji umeshaanza. Wakubwa zaidi humeza mwenzao mzima kuanzia kichwani, na hapo huoni mzoga wowote: idadi inapungua tu, huku wachache wakivimba matumbo na kuwaacha wenzao mbali. Wachambue kila baada ya siku 10 hadi 14 mpaka wafike sentimita 15. Wasile siku moja kabla, kisha alfajiri, maji yakiwa ya baridi, wagawe mafungu matatu kwa ukubwa, kila fungu na tangi lake. Walishe mara tatu au nne kwa siku, kidogo kidogo. Mwenye njaa hachagui.

Perege je? Ndani ya tangi dogo la lita elfu chache ni afadhali usiwachanganye kabisa. Kambale huvuta hewa juu ya maji, kwa hiyo huvumilia maji mazito. Perege hutegemea oksijeni iliyomo majini tu, na ndiye atakayeanza kufa alfajiri. Mchanganyiko unafaa kwenye bwawa la mita za mraba 100 kwenda juu. Kazi ya kambale humo ni kula vitoto vya perege, kwa sababu perege huanza kuzaana akiwa bado mdogo na bwawa hujaa samaki waliodumaa.

Bwawa la mita za mraba 150 liwekee perege 300 wa gramu 20 hadi 30. Baada ya wiki sita hivi, ongeza kambale 30 wa gramu 5 hadi 10. Kipimo ni kinywa: kimo cha perege, kutoka mgongoni hadi tumboni, lazima kizidi upana wa kinywa cha kambale. Ukiwatanguliza kambale, au ukiwaingiza wakiwa wakubwa, watawamaliza perege wenyewe badala ya watoto wao.

Maji ya bomba yakae wazi saa 24 hadi 48 klorini itoke. Kisima cha karibu na bahari, kama upande wa Kaole, kipimwe chumvi. Kwa kambale isizidi gramu 5 kwa lita. Tangi jipya la saruji lijazwe maji, likae wiki, limwagwe, na urudie mara mbili, la sivyo chokaa itawaua vifaranga.

Nunua vifaranga kwa mzalishaji anayewachambua. Wa kuokota mtoni huja na magonjwa na ukubwa mchanganyiko. Na wanaobaki baada ya mavuno usiwamwage Ruvu wala Wami. Sato, yaani perege wa kufugwa asiye wa mito hii, huzaana na perege wa asili wa humo, na ukoo huo ukishachanganyika hautenganishiki tena.