Kurekodi harusi Kigoma kwa kamera ndogo ya video

Modi ya otomatiki inakutosha mchana kutwa, mradi jua liwe mgongoni mwako. Iache ifanye kazi. Inapokosea ni mahali pawili: kando ya Ziwa Tanganyika jioni na ukumbini usiku, na hapo ndipo video nyingi za harusi huharibika.

Maandalizi ni mafupi. Kwa ubora wa megabiti 24 kwa sekunde, kadi ya GB 32 hujaa baada ya saa mbili na dakika hamsini hivi. Kwa megabiti 17, karibu saa nne. Chukua kadi ya daraja la 10 (Class 10, kipimo cha kasi ya kuandika), maana kadi ya kasi ndogo huweza kusimamisha rekodi katikati ya kiapo. Zima zumu ya kidijitali. Ile haisogezi kitu karibu, inatanua picha tu mpaka inafifia. Zumu ya lenzi ndiyo ya kutegemea.

Ziwani, jua huzama upande wa Kongo karibu saa moja jioni, zaidi ya nusu saa baada ya kuzama Dar es Salaam, kwa hiyo usiwahi mno. Maharusi wakiyapa maji mgongo, kamera hupima anga na mng'ao wa ziwa, nyuso zinatoka nyeusi. Bonyeza kitufe cha kurekebisha mwanga wa nyuma, au weka upimaji wa nukta (kamera hupima mwanga wa sehemu moja tu) kisha gusa uso wa bibi harusi kwenye skrini. Anga litapauka kidogo. Kubali, kwani watu watatafuta sura yake kwanza. Modi ya machweo isikuvutie hapa: inakoleza wekundu na kuzidisha giza. Itumie kwa mandhari, mitumbwi ya Kibirizi ikitoka na taa zake kuvua dagaa. Washa pia kipunguza upepo cha maiki, la sivyo utarekodi mvumo mtupu.

Ukumbini ndiko kwenye kazi. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde bila macho kuona. Kamera iliyotengenezwa kwa soko la Marekani hurekodi kwa mfumo wa hezi 60, na picha hucheza mawimbi ya mwanga na giza. Weka shata (muda ambao kila picha hupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde, tatizo linakwisha. Halafu zima shata ya polepole ya otomatiki: kwenye giza hushuka hadi 1/25 au chini zaidi, na wanaoingia wakicheza wanaacha kivuli nyuma yao. Picha ikijaa chenga, kamera imepandisha mno nguvu ya kukuza mwanga. Ongeza taa, usiongeze nguvu hiyo kwenye menyu.

Rangi nazo: elekeza lenzi kwenye karatasi nyeupe chini ya taa ya jukwaa, kisha thibitisha kwenye alama ya WB (mizani ya rangi nyeupe). Rudia taa zikibadilishwa, vinginevyo shela itatoka ya manjano.

Wageni wakipita mbele, fokasi ya otomatiki huwafuata wao. Weka kamera kwenye stendi, zima kituliza mtikisiko, fokasi maharusi, kisha hamia fokasi ya mkono. Maharusi wakisogea, fokasi upya.

Sauti nayo: maiki usiiweke karibu na spika. Punguza kiwango cha maiki mpaka mistari ya kipimo cha sauti isiguse nyekundu hata MC anapopaza sauti, maana sauti iliyopasuka hairekebishiki kwenye kompyuta. Vaa hedifoni wakati wa risala.