Mambo ya kuzingatia kabla ya kuanza biashara ya kufuma nyumbani ukiwa mtu mzima

Hapa Njombe, Juni ikiingia, mtoto hatoki nje asubuhi bila sweta na mzee hakai barazani bila kofia ya uzi. Kule Makete baridi inafika mahali ambapo umande unaganda juu ya majani. Kwa hiyo kazi ya kufuma ina wateja, na kina mama wengi waliostaafu ualimu, unesi au ukarani wanaifikiria kama njia ya kuongezea pensheni. Wengi tulifundishwa kwenye sayansikimu shuleni, wengine kwa masista wa misheni, na mikono haijasahau. Kufuma kwenyewe sitakugusia. Ninaloandika ni yale ya kuweka sawa kabla hujapokea oda ya kwanza, kwa sababu nimeona mama zetu wenye mikono mizuri kabisa wakiacha ndani ya mwaka mmoja, huku vidole vinauma na uzi umejaa kitandani.

Karibu kila anayeniomba ushauri anaanza kwa kuuliza uzi unanunuliwa wapi. Mimi namrudisha kwenye macho na mikono. Uzi ukiisha utaagiza mwingine. Mikono unayo hiyo miwili tu, na kwa umri wetu ina saa chache za kazi kwa siku. Oda utakazopokea, bei utakayotoza na bidhaa utakayochagua, vyote vifuate saa hizo.

Nenda hospitali ukapimwe macho kabla ya kununua chochote. Miwani ya kusomea inayouzwa stendi inakuza maandishi, lakini haikuambii kama una mtoto wa jicho, wala haigundui presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona polepole bila maumivu yoyote. Mwenye kisukari anapaswa kuangaliwa macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Ukiwa kwa mtaalamu, mwonyeshe kwa mikono umbali unaoshikia kazi yako, maana kitambaa cha kufuma hakikai pale kinapokaa kitabu. Kisha jipangie rangi kwa saa za mchana. Uzi mweusi na bluu iliyoiva, ambao ndio masweta mengi ya shule, ufume kati ya saa tatu asubuhi na saa nane mchana karibu na dirisha. Jioni chukua nyeupe, rangi ya maziwa au njano.

Mikono nayo ina lugha yake. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku mara nyingi ni mshipa wa fahamu uliobanwa kwenye kifundo cha mkono. Maumivu ya chini ya gumba unapofungua mfuniko wa chupa ni dalili ya kiungo kilicholika. Vyote viwili vina tiba na mazoezi, na vyote huzidi mtu akivipuuza na kuendelea kufuma saa nne mfululizo. Zungumza na daktari mapema. Nyumbani, kila nusu saa weka kazi chini, nyoosha vidole, zungusha mabega, simama. Ukikaa, kaa kwenye kiti chenye mgongo, na viwiko vipate pa kuegemea.

Vifaa vinasaidia kuliko watu wanavyodhani. Sindano za chuma ni nzito na asubuhi ya baridi zinauma vidole. Za mbao au mianzi ni nyepesi na hazitelezeshi mishono. Huku kwetu kwenye ulanzi, mianzi haihitaji kutafutwa, na fundi mwenye msasa atakuchongea jozi nzuri. Kwa kazi kubwa kama blanketi, tafuta zile sindano mbili zilizounganishwa kwa waya, kwa sababu uzito wote unalala mapajani badala ya kuning'inia kwenye vifundo vya mikono. Kroshia yenye mpini mwembamba izungushie kitambaa au mpira hadi ijae kiganjani.

Baada ya hapo jipime. Kwa wiki mbili fuma kama vile una oda, na kila siku andika umeanza saa ngapi, umeacha saa ngapi, na mikono ilikuwaje usiku. Fuma kitu kizima mpaka kifungo cha mwisho, kwa sababu kushona vipande pamoja na kuficha nyuzi kunakula muda ambao hakuna anayeuhesabu. Ukishapata wastani wako, ahidi wateja theluthi mbili yake tu. Ile theluthi inayobaki itachukuliwa na misiba, wajukuu, jumuiya na shamba la viazi, na itachukuliwa kweli.

Sasa ndipo uchague cha kufuma, na hapa nina msimamo. Usishindane na mitumba. Sweta la mtumba linauzwa kwa bei ambayo wewe hununui hata uzi wake. Masweta ya shule kwa wingi nayo waachie wenye mashine za kufumia, ambao kwa siku moja wanatoa kazi yako ya wiki. Yako ni yale ambayo rundo la mtumba halina: seti ya mtoto mchanga ya kofia, soksi na blanketi ambayo mama anaifunga kwenye mkoba wa kwenda kujifungua, vitambaa vya makochi vilivyopimwa kwa sebule ya mtu na kwa rangi aliyoitaka, shali za kwaya zinazofanana, kofia ya babu yenye kichwa kikubwa. Mteja wa vitu hivi anakuja kwa sababu anataka chake mwenyewe, na anajua kusubiri.

Vitu vya watoto wachanga vina masharti ambayo ni bora uyajue mapema. Ndani ya soksi kusiwe na nyuzi zinazolegea au vitanzi, maana unyuzi mmoja ukijiviringisha kwenye kidole cha mguu cha kichanga unaweza kuzuia damu, na mama asijue mtoto analia nini. Usiweke vifungo vinavyoweza kung'olewa na kumezwa, wala utepe mrefu shingoni.

Kuhusu uzi, jambo la kwanza ni kujua umeshika nini, kwa sababu mabunda mengi madukani hayaelezi vizuri. Kata kipande kidogo ukichome juu ya sahani. Sufu halisi inanuka nywele zilizoungua na majivu yake yanasagika. Pamba inaungua kama karatasi. Akriliki, yaani uzi wa kutengenezwa kiwandani, inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Kila moja ina mahali pake. Sufu ina joto kuliko zote, lakini ikifuliwa kwa maji ya moto na kufikichwa inasinyaa na kuwa ngumu, na kina mama wenye vichanga wanafua hivyo hivyo, kwa hiyo seti za watoto zifume kwa akriliki au pamba. Akriliki usiipige pasi ya mkaa: inalala na hairudi tena, au inayeyuka kabisa. Pamba ni nzuri kwa vitambaa vya makochi na kwa wateja wa Dar es Salaam na Tanga, ila ikilowa ni nzito, basi mwambie mteja aianike kwa kuilaza.

Angalia pia namba ya mchovyo wa rangi kwenye lebo, ile inayoonyesha mabunda yaliyotiwa rangi pamoja. Nyekundu mbili zinazoonekana sawa ndani ya duka huachana zikifika juani, na mstari utaonekana katikati ya blanketi. Nunua uzi wote wa oda moja kwa siku moja, pamoja na bunda moja la ziada. Ukiagiza Kariakoo na mzigo ukaja kwa basi, mtumie muuzaji picha ya lebo na usisitize namba hiyo. Wasiotaka kuanza na mtaji wanaweza kufumua masweta ya mtumba, na ni njia nzuri sana. Chagua lenye mishono iliyounganishwa kwa mkono pembeni. Lile lililokatwa kwa mkasi na kushonwa kwa overloki litakupa vipande vifupi tu.

Uzi utunze kwenye ndoo yenye mfuniko, mbali na panya, na sufu itenge peke yake kwa sababu ndiyo inayoliwa na mabuu ya nondo. Usiuweke jikoni, moshi unaingia na mteja ataunusa. Na hili nalisema kwa uzito: wakati wa baridi usijifungie chumbani na jiko la mkaa ili ufume kwa joto. Hewa ya mkaa inaua bila kunuka, na kila msimu tunasikia. Vaa sweta mbili, funga shuka miguuni, acha dirisha wazi kidogo.

Bei ndiyo inayowashinda wengi, hasa kwa sababu mnunuzi ni jirani, ni mkwe, ni mtoto wa kanisani. Tuseme sweta la mtoto limetumia uzi wa shilingi 6,000 na saa 14 za mikono yako. Ukiliuza 12,000 unajiona umepata mara mbili, lakini umejilipa chini ya shilingi 430 kwa saa. Kabla ya kufungua, amua saa yako moja ni shilingi ngapi, iandike ukurasa wa kwanza wa daftari, na kila bei itoke hapo. Ndugu ukitaka kumpunguzia, mpunguzie kwa kujua unampa saa ngapi za mikono yako. Na kila oda ianze na kianzio kinachotosha kununua uzi wote, hata ya mama mchungaji. Mteja akighairi, uzi uwe umeshalipiwa.

Daftari hilo liwe na ukurasa kwa kila oda: jina, vipimo, tarehe uliyoahidi, kianzio, namba ya sindano, idadi ya mishono uliyoanza nayo, namba ya mchovyo wa rangi. Gundisha kipande cha uzi pembeni. Kabla ya oda kubwa fuma kipande cha sentimita 10 kwa 10, hesabu mishono yake, kisha kihifadhi. Sababu ni mbili. Mteja akirudi baada ya miaka miwili akitaka kama kile, utakifuma bila kubahatisha. Na ukilazwa, dada yako au binti atafungua ukurasa huo na kuimalizia kazi.

Mtaji usitoke kwenye kiinua mgongo. Pesa ile ni ya paa, matibabu na dharura, na biashara hii haihitaji mamilioni kuanza. Mikopo ya kausha damu ikimbie kabisa, kwa sababu marejesho yake ni ya kila siku au kila wiki na kazi ya mikono hailipi kwa mwendo huo. Vicoba mnachofahamiana kinatosha kwa mabunda ya kwanza. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa, ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii kuhusu mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Fungu la wazee peke yao halimo, lakini mama wa miaka 65 ni mwanamke na anaingia kwenye lile la kwanza. Tangu ilipositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024 utaratibu wake umebadilika, kwa hiyo ulizeni upya hata kama mliwahi kukopa zamani.

Upande wa kodi, utaratibu wa makadirio kwa muda mrefu umeacha bila kodi ya mapato mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka, yaani kama 333,000 kwa mwezi. Wafumaji wengi wa nyumbani wako chini ya hapo, lakini lazima uweze kuonyesha, na ndiyo kazi nyingine ya daftari. Pita ofisi ya TRA na kwa afisa biashara wa halmashauri uulize kuhusu kitambulisho cha mjasiriamali na leseni kabla hujaweka kibao nje.

Simu nayo iandae. Namba inayopokea malipo iwe imesajiliwa kwa jina lako, siyo la mjukuu, hata kama yeye ndiye anayekusaidia kuweka picha WhatsApp. Namba ya siri usimpe mtu yeyote. Ukipokea ujumbe kwamba pesa imeingia, angalia salio kwanza ndipo utoe mzigo, maana matapeli wanatunga ujumbe unaofanana kabisa na wa kampuni. Na anayepiga akidai amekosea kutuma, akuombe urudishe haraka, mwambie apige huduma kwa wateja ya mtandao wake, kisha ukate.

Zungumza na watu wa nyumbani. Wakikuona umekaa na uzi wanadhani umepumzika, na kila dakika utaitwa ushike mtoto au uangalie maharage jikoni. Waambie saa zako za kazi ni zipi, na mzee wa nyumba naye azijue. Kama kuna mjukuu mwenye hamu, mpe mistari ya katikati ya blanketi, ile isiyo na kupunguza wala kuongeza, na umlipe kwa kila mstari.

Mwisho angalia kalenda. Wanafunzi wanafungua Januari, baridi inakaza Juni hadi Agosti, na ubarikio na kipaimara vinaleta wageni sebuleni mwishoni mwa mwaka. Anayeanza kufuma Juni amechelewa. Anza Februari: weka akiba ya seti sita za watoto wachanga na kofia kumi za watu wazima kufikia Mei, kisha ndipo upige picha ya kwanza, mchana, karibu na dirisha, bila kuificha rangi halisi.